Mkono Usiomtii Mwenyewe



Kuna maradhi ambayo nyumba nyingi za pwani yetu huyaweka nyuma ya pazia. Mzee ambaye hakuwa akikosa safu ya mbele msikitini huacha kutoka kwa kuona haya, kwa kuwa mkono wake watetemeka bila ya amri yake. Mama aliyekuwa akialikwa katika kila arusi hukaa nyumbani kwa kuchelea kumwagia watu kahawa. Msichana shingo yake hupinda upande, na watoto wa mtaa wakawa wanamwiga. Nyumbani husemwa kuwa ni uzee, au ni jicho la watu, au kuna kitu kimempanda.

Siku hizi limeongezeka jambo jipya. Katika simu zetu hupita filamu fupi zinazomwonyesha mtu akitetemeka kwa namna ya kutisha. Kisha kifaa kilicho ndani ya mwili wake huwashwa, na mkono ukatulia palepale. Watu hutazama, hutokwa na machozi, kisha huulizana: tuuze kiwanja tumpeleke mzee India akatiwe waya ubongoni?

Swali hili ni zito, na lastahili jibu la utulivu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: tiba hiyo ni ya kweli, lakini si ya kila anayetetemeka, wala haiondoi ugonjwa. Kabla ya kuifikia, yapo mambo ambayo hayahitaji kuuza kiwanja, na aghalabu ndiyo tuliyoyaruka.

Jina la ugonjwa kwanza

Kutetemeka si ugonjwa mmoja. Ibn Sina, aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita, aliweka katika kitabu chake cha Al-Qanun maelezo juu ya mtetemo na kuuhesabu miongoni mwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Tabibu huyo Mwislamu alitafuta sababu yake mwilini, nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo.

Mtetemo ulio mwingi kuliko yote ni ule wa matendo. Mkono hutulia ukiwa umelazwa mapajani, lakini mtu akiinua kikombe, akitia uzi katika sindano au akishika kalamu, hapo ndipo unapotikisika. Mara nyingi hupatikana katika ukoo mmoja, kutoka kwa baba au mama hadi kwa mtoto.

Ugonjwa wa Parkinson ni kinyume cha hayo. Mkono hutetemeka hasa ukiwa umepumzika, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kana kwamba mtu anavuta tasbihi. Pamoja na hilo huja uzito wa mwendo, viungo kukakamaa, mwandiko kuwa mdogo, na uso kutoonyesha tabasamu, hata watoto wakadhani baba amewakasirikia. Miaka mingi kabla ya mkono kuanza, huenda mtu akawa hasikii tena harufu ya asumini wala ya udi, akafunga choo, au akapiga mateke na kelele usingizini. Ugonjwa huu ulielezwa kwa utaratibu na daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817, na asili yake ni kufa kwa chembe za ubongo zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini, ambayo huurahisisha mwendo wa mwili.

Aina ya tatu ni distonia. Hapa misuli hujikaza yenyewe na kukipinda kiungo: shingo, mguu, mkono, au mwili mzima. Yaweza kumwanza mtu angali mtoto, na baadhi ya aina zake hurithiwa. Wenye maradhi haya aghalabu ndio wanaokimbizwa kwa waganga kwanza, kwa kuwa mwili unaojipinda humtisha anayeutazama.

Yapo pia mengine yanayofanana na hayo, ilhali dawa yake ni nyingine kabisa. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka. Baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, na baadhi ya zile wapewazo wagonjwa wa akili, zikitumiwa muda mrefu huleta mitikisiko isiyo ya hiari. Na kuna ugonjwa uitwao Wilson, ambao huwapata vijana kwa madini ya shaba kujikusanya mwilini. Ukijulikana mapema, dawa za vidonge huuzuia usiendelee. Huyu akichelewa miaka mitano kwa kudhaniwa ana jini, kilichopotea ni ini lake na ubongo wake.

Sisi ni waumini, na kuwepo kwa majini hatukukanushi. Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kheri, na hakuna uadui baina ya kisomo na hospitali. Tumefundishwa na Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba tujitibu, kwani Aliyeteremsha maradhi ameteremsha na dawa yake. Ubaya ni pale miaka inapokwisha mlangoni kwa mganga, au mgonjwa anapochapwa ili kilicho ndani yake kitoke. Mwenye distonia hapandwi na kitu anapopigwa, anaumizwa tu.

Dawa kabla ya kisu

Jina likijulikana, dawa hutangulia. Kwa mtetemo wa matendo huweza kutumika propranololi, ileile wanayopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu, ingawa haimfai mwenye pumu. Kwa distonia ya shingo hudungwa sindano za botulini katika misuli iliyokaza, na hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Kwa ugonjwa wa Parkinson, dawa kuu tangu miaka ya 1960 ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini.

Wengi wetu hatujui kwamba levodopa hupatikana pia katika mbegu za upupu, mmea uleule ambao manyoya yake yametuwasha sote utotoni. Twalitaja hili kwa hadhari. Mbegu hazina kipimo. Huyu atakunywa kidogo isimfae, na yule atazidisha imdhuru, khasa akiwa anatumia vidonge. Asiyachanganye mtu haya bila ya daktari kujua.

Levodopa huwapa wagonjwa wengi miaka mizuri. Lakini ugonjwa ukiendelea, nguvu ya kidonge huanza kwisha kabla ya saa ya kidonge kingine, na mgonjwa hukwama katikati ya chumba kama aliyeganda. Kinapofanya kazi, nacho humletea mwili kujinyonga-nyonga na kucheza bila ya hiari. Siku nzima ikawa ni ya kuvutana baina ya kuganda na kucheza. Ni mgonjwa wa hali hii, ambaye dawa bado yamsaidia lakini haimtoshi tena, ndiye aliyefikiriwa hasa ilipoundwa tiba tunayoizungumza.

Nyuzi ndani ya ubongo

Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble nchini Ufaransa, daktari wa upasuaji Alim-Louis Benabid alikuwa akiwatibu wenye kutetemeka kwa njia ya zamani: kuunguza sehemu ndogo sana ya ubongo iliyo katika kitovu kiitwacho thalamasi. Kabla ya kuunguza, ilikuwa desturi kupitisha umeme kidogo ili kuhakikisha mahali. Akaona kwamba umeme ukipigwa kwa kasi, kiasi cha mipigo 100 kwa sekunde, mtetemo husimama. Ukizimwa, mtetemo hurudi. Yeye na mwenzake Pierre Pollak wakawaza: kwa nini kuunguza kisichoweza kurudishwa, ikiwa uzi waweza kuachwa pale na ukawashwa na kuzimwa?

Huko Marekani, mtafiti Mahlon DeLong na wenzake walikwisha kuchora njia ambazo ubongo hupitishia amri za mwendo, na mwaka 1990 wakaonyesha kwa nyani kwamba kipo kiini kimoja kidogo ambacho, kikinyamazishwa, dalili za Parkinson hupungua. Wafaransa wakaupeleka uzi huko. Benabid na DeLong walitunukiwa pamoja tuzo ya Lasker mwaka 2014. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hii kwa mtetemo mwaka 1997, kwa Parkinson mwaka 2002, na kwa distonia, kwa masharti maalumu, mwaka 2003. Tangu hapo watu zaidi ya 150,000 ulimwenguni wametiwa nyuzi hizi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kichwa hufungwa katika fremu isiyotikisika, na picha za ubongo huonyesha njia. Fuvu hutobolewa tundu dogo, la ukubwa wa sarafu, na uzi mwembamba wenye ncha za kupitishia umeme, uitwao elektrodi, hushushwa hadi mahali palipokusudiwa. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Huambiwa anyooshe mkono, ahesabu, aseme neno, ili daktari ajue amefika. Hospitali nyingine siku hizi humlaza usingizi kwa kutegemea picha. Kisha waya hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri kinachozikwa chini ya mfupa wa mtulinga, kama kile kinachosaidia mapigo ya moyo.

Kifaa hakipangwi siku hiyohiyo kikamaliza. Kwa kawaida huwashwa baada ya wiki chache, na hurekebishwa mara kwa mara kwa miezi kadhaa, hadi kipatikane kiasi kinachomfaa mtu huyo. Mwenye mtetemo huweza kuona tofauti papo hapo. Mwenye distonia huenda akangoja wiki au miezi. Filamu za simuni hazionyeshi miezi hiyo.

Kinachorudi na kisichorudi

Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, manufaa ni makubwa. Mkono hutulia, saa za kuganda hupungua, vidonge huweza kupunguzwa. Mtu hurudi kula mwenyewe, kufunga vishikizo vyake mwenyewe, na kuandika jina lake. Kwa aliyelishwa na wanawe miaka mitatu, hilo si dogo.

Lakini ugonjwa waendelea chini kwa chini. Tiba hii hairudishi kumbukumbu iliyopotea, wala aghalabu haitengenezi sauti iliyofifia, kumeza kulikokuwa kugumu, au mizani ya mwili iliyovunjika. Kanuni ya madaktari kwa Parkinson yafaa ikaririwe nyumbani: lile ambalo levodopa ilishindwa kulisaidia, uzi nao aghalabu hautalisaidia, isipokuwa mtetemo. Mwenye kusahau kulikozidi, au huzuni nzito isiyotibiwa, kwa kawaida hafanyiwi, kwani aweza kuharibikiwa zaidi.

Hatari nazo zipo. Kutokwa na damu ubongoni hutokea kwa mgonjwa 1 au 2 katika kila 100, na baadhi yao hupooza au kufa. Kidonda chaweza kuingia vijidudu, kifaa kikalazimika kutolewa. Wengine maneno huwa mazito, na wengine tabia hubadilika. Betri ya kawaida hudumu takriban miaka 3 hadi 5, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Ya kuchajiwa hufika miaka 15 au zaidi, lakini yahitaji mtu wa kukumbuka kuichaji. Ikizima ghafla, dalili hurudi kwa nguvu.

Ibada za mgonjwa

Twajua wasomaji wetu watauliza juu ya ibada. Kifaa chote kiko chini ya ngozi. Vidonda vikishapona, maji ya udhu na ya kuoga hayakidhuru. Kabla ya kupona, sharia yetu ina wepesi wake wa kupangusa na kutayamamu, na mwanachuoni wa mtaa ataeleza. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Mzee anayeacha jamaa kwa kuona haya aambiwe kwamba kiti nyuma ya safu hakina aibu.

Katika Ramadhani pana jambo la kuogopwa. Levodopa haikatwi kwa ghafla. Kuikata kwaweza kumletea mtu homa kali, kukakamaa na hatari ya mauti. Hata waliotiwa kifaa, wengi wao huendelea na vidonge. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Qur'ani yenyewe, na fidya kwa asiyetarajiwa kupona ni jambo linalojulikana. Basi mgonjwa aonane na daktari tangu Shaabani, kisha amwone mwanachuoni, asijitungie fatwa kwa ushujaa.

Aendaye Hija au Umra na kifaa mwilini achukue kadi ya kifaa hicho, awaonyeshe walinzi wa uwanja wa ndege, na aombe kukaguliwa kwa mkono. Asiingizwe katika mashine ya picha ya sumaku kabla ya wahudumu kuambiwa.

Mama zetu na ukimya wao

Tumeandika juu ya wazee wanaume kwa kuwa wao ndio wanaozungumzwa. Mama je? Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wanawake wenye Parkinson hufanyiwa upasuaji huu kwa uchache kuliko wanaume, hata baada ya kuzingatia kuwa ugonjwa wenyewe huwapata wanaume zaidi. Kwetu sisi sababu hazihitaji mtafiti. Mama husema, "Niacheni, mimi nimekwisha kula chumvi yangu," nasi twaitikia upesi kwa kuwa jibu hilo latupunguzia gharama. Huchelea kunyolewa nywele, na hakuna aliyemwambia kwamba zitaota, na kwamba kovu la kifuani litasitirika. Huchelea kukaguliwa na mwanamume, na hakuna aliyeuliza kama yupo daktari mwanamke. Na kubwa zaidi, yeye ndiye muuguzi wa nyumba. Akiugua muuguzi, nyumba nzima hujifanya haioni.

Twawaomba vijana: msilichukue neno la mama la kwanza. Mketi naye peke yake, mumwulize ni kitu gani asichoweza kukifanya tena kinachomuumiza. Huenda akasema ni kushika msahafu, au kumwogesha mjukuu. Hapo ndipo mashauri yaanzie.

Nasi tusione haya. Bondia Muhammad Ali, ndugu yetu katika imani, alijulishwa kuwa na Parkinson mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1996, katika michezo ya Olimpiki ya Atlanta, alisimama mbele ya ulimwengu mzima mkono ukimtetemeka, akawasha mwenge. Aliishi hadi 2016. Hakuuficha mkono wake, na hakuna aliyemwona mnyonge. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kabla ya kiwanja kuuzwa

Basi twarudi kwa aliyeuliza juu ya kiwanja. Kwanza, mgonjwa na aonwe na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi, lakini nauli ya kutoka Lamu au Kwale na ada ya kumwona ni sehemu ndogo sana ya bei ya upasuaji, ambayo huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Mchukue dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, na mumpige filamu mkono wake ukiwa umepumzika na ukiwa unashika kikombe. Dakika mbili za filamu hiyo zaweza kumfaa daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Pili, mwulize: ugonjwa huu jina lake nani? Dawa zimejaribiwa kwa kipimo kinachotosha? Ikiwa ni Parkinson, levodopa yamsaidia, na kwa kiasi gani? Kati ya mambo yanayomtaabisha, ni lipi upasuaji utaliondoa, na ni lipi litabaki?

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa na wanaosafiri mbali: akirudi Mombasa, nani atakirekebisha kifaa? Betri ikiisha, itabadilishwa wapi, na kwa fedha gani? Bima ya afya italipa nini? Harambee humchangia mtu mara moja kwa moyo mkunjufu. Mara ya pili, baada ya miaka minne, mikono huwa mizito. Fedha za betri na za safari za marekebisho ziwekwe kando kabla ya tiketi kukatwa.

Nne, mgonjwa mwenyewe akubali kwa ulimi wake, baada ya kuelezwa kheri na hatari. Aswali istikhara, nanyi mshauriane, kwani ubongo ni wake. Akisema ndiyo, na daktari akasema anafaa, na njia ya kurudia ikawa imeandaliwa, basi kiwanja kikiuzwa hakikupotea. Na akisema hapana, asilaumiwe. Bado anayo haki ya dawa kwa wakati wake, mazoezi ya viungo, kiti msikitini, na kikombe kisichojazwa hadi ukingoni.

Twamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atufungulie macho tuyaone maradhi kwa majina yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.